MAKOSA YA KINGEREZA YENYE KUCHOKESHA MASIKIO: YANATOKA WAPI?



Mbele ya kuanza, tuseme wazi namna gani makala hii ilizaliwa. Haikutoka katika akili yetu nzuri; ilitoka katika azabu. Siku moja, saa ya Kingereza, sisi wafinalisti tulitumwa kusaidia kalasi ya wadogo kwa mazungumzo. Dada mdogo mmoja alisimama, akasema bila woga: « I have twelve years. » Sisi tuliosimama nyuma tukacheka, na sisi kapita tulicheka kwa sauti kupita wote. Yule mtoto akaketi, akafunga kinywa, na tangu ile siku hakunyoosha tena mkono.

Profesa wetu hakukasirika. Alituita tu inje na kutuuliza: « Kosa lake ni gani? » Tukajibu kwa haraka kama inapashwa kusema « I am twelve years old ». Akauliza tena: « Vema. Na juu ya nini inapashwa kusema vile? » Hapo tukatazamana. Hata mmoja hakujua. Akasema: « Basi mwenye kucheka aeleze. Mtaandika katika buletini. »

Ndilo deni tunalolipa leo. Tumeuliza waalimu, tumefungua diksionere na vitabu vya maktaba yetu, na tumehesabu makosa ndani ya makaye yetu wenyewe. Tuliyoyaona ni haya.

1. KOSA DOGO LINAWEZA KUFUNGA MLANGO

Wengine watasema: « Kosa la lugha ni kitu gani? Watu wanasikilizana tu! » Mara nyingi ni kweli. Mtu akikosa herufi moja, msomaji mwema anaipita. Lakini kuna makosa yanayogeuza maana yote, na mwenye kuandika hajui.

Tutoe ushuhuda. Mwaka jana klabu ya Kingereza ilitaka kuomba vitabu vya zamani kwa masomo moja iliyo ngambo ya mpaka, upande wa Uganda. Barua iliandikwa vizuri, kwa biki nyeusi, bila kufuta hata neno moja. Ndani yake mlikuwa mistari hii: « We demand you to send us the books. We ignore your conditions. Actually we are forty pupils. »

Sisi tulifikiri tumesema: « Tunawaomba mtutumie vitabu. Hatujui masharti yenu. Kwa sasa tuko wanafunzi 40. » Maana kwa Kifaransa ndivyo ingekuwa. Lakini Mwingereza anasoma hivi: « Tunawadai mtutumie vitabu! Masharti yenu hatuyajali! Na kusema kweli, tuko 40. » Jibu lilikuja kisha wiki sita, mistari miwili tu: waliuliza kwa haki gani tunawadai mali yao. Ikapashwa Bwana Prefe mwenyewe aandike barua ya pili ya kuomba msamaha. Vitabu vilifika katika sehemu ya tatu ya mwaka, wakati wafinalisti wa mwaka ule walikuwa karibu kumaliza mitihani.

Na mwandishi wa ile barua ya kwanza ni nani? Ni sisi kapita. Kwa hiyo mkiona tunasema juu ya makosa, mjue kama hatusemi juu ya wengine.

2. MARAFIKI WA UONGO

Profesa anayaita maneno kama « demand » na « ignore » marafiki wa uongo. Yanafanana na maneno ya Kifaransa kwa uso, lakini moyo wao ni mwingine. Juu ya nini yanafanana? Jibu liko katika historia. Mwaka wa 1066, Guillaume, mtawala wa Normandie, alivuka bahari na kuishinda Uingereza katika vita vya Hastings. Tangu hapo, kwa muda wa karibu miaka 300, wakubwa wa ile inchi walisema Kifaransa: mfalme, mahakimu, maaskofu. Watu wa shamba waliendelea na Kingereza chao. Ni mwaka wa 1362 tu sheria ilitoka kuagiza watu kusamba kwa Kingereza mbele ya baraza.

Hata kwenye meza ile historia inaonekana. Ng'ombe akiwa malishoni anaitwa « cow », neno la mchungaji. Nyama yake kwenye sahani inaitwa « beef », ni kusema « boeuf » ya Wafaransa. Kondoo ni « sheep » kwa mwenye kumchunga, na ni « mutton » kwa mwenye kumkula.

Basi maneno maelfu yaliingia, kisha lugha mbili zikaachana, na kila neno likakomaa katika nyumba yake. Ndivyo ndugu wawili waliolelewa mbalimbali wanavyofanana sura bila kufanana tabia. Shikeni hawa wanane:

« Demand » ni kudai kwa nguvu. Ukitaka kuomba, sema « ask for » ao « request ».

« Ignore » ni kujifanya kama hauoni mtu ao kitu. Ukiwa haujui, sema « I do not know ». Ukimwambia mgeni « I ignore your name », unamtukana.

« Actually » ni « kwa kweli ». Kwa « sasa », sema « now » ao « at present ».

« Assist » ni kusaidia. Mwenzetu mmoja aliandika kama « alisaidia » aksida ya gari. Alitaka kusema aliiona. Kwa mkutano sema « attend ». Kwa aksida sema « see » ao « witness ».

« Library » ni maktaba, pahali pa kusoma na kuazima vitabu. Duka la vitabu ni « bookshop ».

« Deceive » ni kudanganya. Ukipata pointi mbaya na kumwambia mwalimu « I am deceived by my points », unamshitaki kama mwivi. Sema « I am disappointed with my marks ».

« Sensible » ni mwenye akili timamu. Mwenye kuumia moyo upesi ni « sensitive ».

« Eventually » ni « mwishoni, kisha muda ». Kwa « labda » sema « possibly » ao « perhaps ».

3. MAKOSA YENYE KUTOKA NDANI YA NYUMBA YETU

Sasa turudi kwa dada yetu mdogo. Kwa Kiswahili chetu tunasema « niko na miaka kumi na mbili ». Kwa Kifaransa tunasema « j'ai douze ans ». Lugha zake mbili zote zilimwambia kitu kimoja: miaka ni kitu ambacho mtu anacho. Yeye alizitii. Lakini kwa Mwingereza, miaka si mali, ni hali, kama vile urefu ao unene. Anasema « I am tall », na vile vile « I am twelve ». Tena siyo miaka tu. Sisi tuko na njaa, tuko na kiu, tuko na baridi, tuko na woga. Yeye anasema « I am hungry, I am thirsty, I am cold, I am afraid ». Ukielewa sababu moja, makosa matano yanakufa siku moja.

Kuna kosa la kinyume. Juu ya « je suis d'accord », wengi wanasema « I am agree ». Hapana. « Agree » ni kitendo, kama kula na kulala. Sema « I agree », na basi.

Kosa lingine kubwa ni « he » na « she ». Kiswahili hakiulize kama mtu ni mwanaume ao mwanamke: « yeye anakuja », imekwisha. Kwa hiyo ulimi unatoka mbio na « he » kwa wote. Siku moja tulimjulisha mama mmoja mgeni mbele ya kalasi yote kwa kusema « He is our visitor ». Mama alicheka kwa upole, lakini sisi tulitafuta shimo la kuingia. Dawa yake ni moja tu: mbele ya kufungua kinywa, umuone huyo mtu katika akili yako.

« He go, she come » ni kosa la kila siku. Kiswahili kinaweka alama ya « yeye » mbele: a-nakwenda, a-nakuja. Kingereza kinaiweka nyuma: he goes, she comes. Ile « s » ndogo ndiyo « a » yetu iliyohamia mkiani. Kama haungeweza kusema « nakwenda » juu ya mtu mwingine, basi usiseme « he go ».

« Our teacher learns us English. » Hapa mwenye kosa ni « apprendre » ya Kifaransa, inayobeba kazi mbili. Kiswahili kinatuokoa: kujifunza ni « learn », kufundisha ni « teach ». Vile vile « borrow me your pen ». Kuazima ni « borrow », kuazimisha ni « lend ». Mwenye biki analend, mwenye kuomba anaborrow. Tunajua kama huko enternati wote ni wenye kuomba, lakini tuombe sawasawa: « Lend me your pen, please. »

« I am here since three years. » Kwanza, muda ulioanza zamani na ungali unaendelea unataka « I have been here ». Pili, « since » inataka mwanzo: since Monday, since September, since 2021. Urefu wa muda unataka « for »: for three days, for five years. Sema « I have been here for three years ».

« Informations, advices, furnitures, luggages. » Kwa Kifaransa maneno haya yanahesabika: une information, des informations. Mwingereza anayaona kama maji ao unga, vitu visivyohesabiwa moja moja. Hatusemi « maunga matatu », tunasema « vikombe vitatu vya unga ». Naye anasema « three pieces of information, a piece of advice ». Na « news », hata kama iko na « s », ni moja: the news is good.

« Explain me the lesson. » Kiswahili kinashona mtu ndani ya kitendo, « unielezee », na Kifaransa kinasema « expliquez-moi ». Lakini « explain » inataka daraja: « Explain the lesson to me. »

Mwisho, neno « sorry ». Mtu akianguka, sisi tunasema « pole », na tunatafsiri « sorry ». Huku Afrika ya Mashariki watu wote wanaelewa. Lakini Mwingereza wa Ulaya anaweza kushangaa na kukujibu: « It is not your fault », ni kusema: siyo kosa lako. Alifikiri unakubali kama wewe ndiye uliyemwangusha. Wala wewe wala yeye hakukosa. Ni desturi mbili zimegongana.

4. WENYE LUGHA NAO WANAKOSA

Tulifikiri kama Waingereza wenyewe hawakosi. Kumbe wanakosa sana, na wanakasirikiana juu ya ile makosa kupita namna profesa anavyotukasirikia sisi! Lakini makosa yao si kama yetu. Sisi tunakosa juu tunaleta sheria ya lugha nyingine. Wao wanakosa juu wanaandika kwa kufuata sikio, maana walisema lugha mbele ya kuiandika.

« Its » na « it's » ni sauti moja. « It's » ni ufupi wa « it is » ao « it has ». « Its » ni « yake » ya kitu ao ya mnyama: the dog and its tail. Hata vitabu vyao vya karne ya 17 na ya 18 viliandika « it's » kwa « yake ». Ndivyo na « your » na « you're »: ya kwanza ni « yako », ya pili ni « wewe ni ». Ndivyo na « there, their, they're »: pale, yao, wao ni. Na wengi wanasikia « could've », ufupi wa « could have », kisha wanaandika « could of », neno lisilo na maana. Kwa makosa haya, sisi wageni tuko na bahati, maana tuliyaona kwanza kwenye tablo, kwa macho.

Wengine wanauliza juu ya nini maandiko ya Kingereza hayafuate sauti, kwa mfano ile « k » ya « know » na « gh » ya « night ». Zamani herufi hizi zilisemwa kweli. William Caxton alileta mashini ya kuchapa vitabu kule Westminster mwaka wa 1476, na tangu ile wakati maandiko yakaanza kushikama pahali pamoja. Lakini vinywa viliendelea kubadilika. Mguu ulikua, kiatu kilibaki kile kile.

5. MENGINE YANAITWA MAKOSA, LAKINI SI MAKOSA

Hapa tuangalie kusudi tusikuwe mahakimu wa uongo. Wakubwa wengi waliambiwa masomoni kama hairuhusiwe kumaliza mstari kwa neno kama « at, with, for ». Hii ilitoka wapi? Mshairi John Dryden alilaumu jambo hilo mwaka wa 1672, juu Kilatini hakiruhusu. Lakini Kingereza si Kilatini. « What are you looking at? » ni Kingereza safi, na Fowler, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka wa 1926 juu ya matumizi ya Kingereza, aliita ile sheria imani ya bure.

Vile vile « they » kwa mtu mmoja asiyejulikana: « Somebody left their book. » Wengine wanalipinga, lakini limeandikwa tangu karne ya 14, na Shakespeare mwenyewe alilitumia. Muone: hata Waingereza wanatafuta « yeye » yetu!

Kifaransa kiko na Académie française tangu mwaka wa 1635, wazee wenye kukata maneno. Kingereza hakina baraza kama ile. Kina diksionere tu: ya Samuel Johnson ya mwaka wa 1755 kule Uingereza, ya Noah Webster ya mwaka wa 1828 kule Marekani. Ndiyo sababu « colour » na « color » zote mbili ni sawa. Lakini chagua njia moja. Mwenye kuandika « colour » juu ya ukurasa na « color » chini yake anaonekana kama mtu aliyevaa viatu viwili visivyofanana.

6. TUFANYE NAMNA GANI?

Kingereza si urembo kwetu. Kiko katika Ekzameni ya Serikali. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mwaka wa 2022, na karatasi nyingi za biashara na za masomo katika inchi jirani zinaandikwa kwa lugha hiyo. Wengi kati yetu watavuka mpaka, mmoja kwa kusoma, mwingine kwa kuuza. Kwa hiyo tunatoa mashauri mane.

Kwanza, shika kaye ndogo ya makosa yako mwenyewe, siyo ya mwenzako. Kila profesa anapokusahihisha, andika mistari mitatu: kosa, neno la haki, na sababu. Bila sababu, kosa litarudi.

Pili, neno la Kingereza likifanana sana na la Kifaransa, usiliamini haraka. Liulize kwanza katika diksionere linatoka wapi na linafanya kazi gani leo.

Tatu, barua yenye kutoka inje ya masomo isomwe na watu wawili mbele ya kufungwa. Sisi tungefanya hivyo, tungepata vitabu miezi mingi mbele.

Ine, ukitaka kumsahihisha mtu, mngojee amalize, kisha urudilie mstari wake kwa njia ya haki, kwa sauti ya kawaida. Akisema « I have twelve years », wewe jibu: « Ah, you are twelve! I am eighteen. » Atasikia, na hakuna atakayecheka. Wazee walisema: kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Na namna gani mtu ataacha kurudia, kama ulimfunga kinywa?

Mbele ya kuleta karatasi hii kwa wenye kuichapa, tulikwenda kumuona yule dada mdogo wakati wa rekreasio. Tulimwomba msamaha na kumweleza habari ya njaa, na baridi, na miaka. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: « Na ile siku, ninyi mulijua hii maneno yote? » Tukasema hapana. Akasema: « Sasa mulicheka juu ya nini? »

Jibu lile hatujalipata katika diksionere hata moja. Lakini juzi profesa wao alituambia kama amenyoosha tena mkono. Alikosa « he » na « she ». Kalasi ilinyamaza, ikamngojea, akajisahihisha mwenyewe.

Mwenye swali, ao mwenye kosa alilolisikia na asilolijua sababu, aliandike na kuliweka katika sanduku la buletini. Ikiwa hatujui, tutauliza. Na kama ndani ya makala hii mmeona kosa, mtuambie, lakini msicheke sana.

Ni sisi, kapita wenu, wa kalasi ya mwisho.